Je, wajua kanisa lilitangulia jengo la kanisa?

Ukitaja kanisa leo, anayekusikia huona mnara, kengele na mabenchi. Wakristo wa kwanza walipolitaja walikuwa wanaona watu. Neno walilotumia kwa Kigiriki, ekklesia, awali lilikuwa la mambo ya mji: huko Athene liliuhusu mkutano wa raia walioitwa kuja kuamua mambo yao. Hata neno letu "kanisa", lililotufikia kutoka Kiarabu, asili yake ni Kiaramu, na huko nako maana yake ni kukusanyika.

Kwa waumini, kukusanyika huko kulianzia Yerusalemu siku ya Pentekoste, takriban mwaka 30. Kitabu cha Matendo kinasema waliobatizwa siku hiyo walikuwa watu kama 3,000, kisha kinataja mambo manne waliyodumu nayo: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na sala. Hadi leo, ukiuliza kanisa ni la kazi gani, jibu limo katika manne hayo.

Jengo halimo. Walisali Hekaluni pamoja na Wayahudi wenzao, na mkate waliumega majumbani. Akiandikia Warumi, Paulo anawasalimu Prisila na Akila pamoja na kanisa lililomo nyumbani mwao.

Nyumba ilikuwa na shida zake. Chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kwa kawaida kilitosha watu tisa hivi, wakijinyoosha kwenye makochi. Wageni wengine hubaki uani. Huenda ndicho kilichokuwa kikitokea Korintho, ambako Paulo anagomba kwamba mmoja ana njaa huku mwingine amelewa. Dawa anayowapa ni nyepesi: wangojane. Mlo ule ulikuwa wa Bwana, na kumtanguliza mwenye mali kuliuharibu kabisa.

Takriban mwaka 155, Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo aliyeishi Roma, alieleza ibada ya Jumapili ilivyokwenda. Husomwa maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu. Kiongozi huhutubia. Wote husimama kusali, kisha huletwa mkate, na divai pamoja na maji. Kiongozi hushukuru, watu huitikia "Amina". Mashemasi huwapelekea wasiofika sehemu yao. Mwenye uwezo hutoa apendavyo, na mchango huo huwekwa kwa kiongozi, awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mkristo wa leo akisoma maelezo hayo hapotei njia hata kidogo.

Nyumba mojawapo iliyogeuzwa kanisa imechimbuliwa. Iko Dura-Europos, Syria, kando ya mto Frati. Kwenye miaka ya 240 hivi, mafundi walibomoa ukuta kati ya vyumba viwili ili wapate ukumbi mmoja, na upande wa mashariki wakainua jukwaa dogo. Chumba kingine wakakijengea birika la ubatizo. Ukutani juu yake wakamchora mchungaji amebeba kondoo mabegani. Waajemi walipouzingira mji mwaka 256, wenyeji walizijaza udongo nyumba zilizopakana na ukuta wa mji ili uwe imara. Mji ulianguka, lakini udongo huo ndio uliozihifadhi picha hizo hadi zikachimbuliwa miaka ya 1930.

Makubaliano ya Milano ya mwaka 313, kati ya watawala wa Dola ya Kirumi, yaliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu waziwazi, na hapo majengo makubwa yakaenea. Waliiga basilika, ukumbi wa Kirumi wa mahakama na biashara, badala ya hekalu, na kwa sababu ya msingi: hekalu lilikuwa makao ya sanamu ya mungu na madhabahu ilikuwa nje, ilhali Wakristo walihitaji watu wote waingie ndani wasikie na kula pamoja.

Nyumba hazikuachwa moja kwa moja. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za waumini wanaosali majumbani. Ndiyo maana katika mitaa mingi ya Kenya na Tanzania, siku ya jumuiya utaona viti vimeazimwa kwa jirani na mkeka umetandikwa. Somo husomwa, watu husali, kisha huulizana nani anaumwa na nani atakwenda kumwona.