Siku tatu za kuongelea rangi? Dhana potofu zinazotafuna vyuma vya Tanga

Nilipowaaga wenzangu wa kijiwe cha kahawa pale Ngamiani kwamba nafunga karakana siku tatu, naenda Dar kwenye kongamano la watu wa rangi za viwandani na umaliziaji wa vyuma, walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. "Siku tatu! Mnachagua kijani au bluu?" Mzee mmoja ambaye si mtu wa kucheka ovyo alingoja kelele zipoe, akasema: "Mwanangu, ukirudi uje uniambie kwa nini geti langu la Raskazone limevimba."

Geti hilo nililichomelea na kulipaka mimi mwenyewe. Halijamaliza hata mwaka. Rangi yake imekuwa kama ule msemo wetu wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Haya hapa ni mengi ya yale niliyomjibu mzee baada ya kurudi. Nimeyapanga kwa maneno ninayoyasikia kijiweni na karakanani. Mengine nilikuwa nayasema mimi.

"Kongamano ni duka la rangi lenye kiyoyozi"

Wauzaji wapo, siwezi kukataa, na kofia za bure zipo. Ila ukikaa kwenye vikao, rangi inayopendeza haizungumzwi kabisa. Kinachozungumzwa ni kazi zilizoharibika. Mtu anasimama na picha ya tangi lililobanduka na kueleza nani alifanya nini, saa ngapi, hewa ikiwa na unyevu kiasi gani. Ni kama kikao cha madaktari wanaojadili mgonjwa aliyekwisha kufa.

Na shughuli hii ina umri. Mwaka 1943 wahandisi 11 wa Marekani, watu wa mabomba, waliunda chama cha kupambana na kutu kilichokuja kujulikana kama NACE. Mwaka 1950 wakafuata watu wa kupaka vyuma vya madaraja na majengo, wakaunda SSPC. Mwaka 2021 vyama hivyo viwili viliungana kuwa AMPP. Ripoti ya NACE ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa kutu inaigharimu dunia dola trilioni 2.5 kwa mwaka, karibu asilimia 3.4 ya pato lote. Kwa fedha hizo siku tatu si nyingi.

"Rangi ndiyo inayozuia kutu"

Hapa ndipo geti la mzee lilipoharibikia, kwa hiyo mnivumilie nikae kidogo.

Nilikwenda Raskazone kuliangalia. Upande unaotazama bahari ulikuwa umejaa malengelenge, mengine madogo kama punje ya mtama, mengine kama kifungo cha shati. Nikatoboa moja kwa ukucha. Likatoka tone la maji, na chini yake chuma cheusi tititi. Rangi yenyewe bado ilikuwa nzuri, inang'aa, haijapasuka. Maji yaliingiaje?

Jibu ni kwamba rangi si chupa. Hata iliyo bora hupitisha mvuke kidogo kidogo. Kama chini yake kuna chumvi, chumvi hiyo huvuta maji kupitia rangi, maji yanakusanyika na kuinua lengelenge. Na chumvi niliiweka mimi. Mabomba ya geti lile yalikaa uani kwangu wiki mbili wakati wa kusi, upepo unatoka baharini usiku na mchana. Nikaja nikayapiga grenda na msasa mpaka yakameremeta, nikapaka. Niliamini kuwa kinachong'aa ni kisafi. Kumbe msasa hauondoi chumvi. Unaisambaza na kuishindilia kwenye vishimo, na jicho halioni kitu.

Jambo la pili ni ile ngozi ya kibluu inayokuja na chuma kipya kutoka dukani. Wengi wetu tunaiacha kwa kudhani ni kinga ya kiwandani. Ni gamba lililojitengeneza chuma kilipokuwa cha moto kiwandani, na likipasuka, chuma kilichochungulia kwenye ufa huliwa upesi kuliko kama gamba lisingekuwepo. Lazima litoke.

Ndiyo maana kwenye viwango vya kimataifa kurasa nyingi ni za kusafisha. Kiwango cha ISO 8501-1 kina picha za chuma kilichosafishwa kwa daraja mbalimbali. Daraja linalotajwa sana kwa kazi nzito linaitwa Sa 2½: chuma kimepigwa kwa chembe zinazorushwa na kompresa mpaka mafuta, gamba, kutu na rangi ya zamani vimeondoka, na kilichobaki ni madoa hafifu tu. Lakini picha haionyeshi chumvi, kwa hiyo kuna kipimo chake peke yake. Nilikiona kwa macho kule Dar. Fundi alibandika kibandiko chenye tundu katikati juu ya chuma, akachukua bomba la sindano, akaingiza maji safi chini ya kibandiko, akayavuta, akayarudisha, mara kadhaa, kama nesi. Kisha akapima jinsi maji yale yanavyopitisha umeme. Chumvi ikiwemo, namba inapanda. Tulikuwa tumemzunguka watu kama ishirini, na hakuna aliyeuliza habari za kijani wala bluu.

"Paka alfajiri, kabla jua halijawa kali"

Ushauri wa busara kwa mtu anayelima. Kwa chuma cha Tanga ni hatari. Usiku chuma kilicho nje hupoa hata kuliko hewa inayokizunguka, na umande unakaa juu yake mwembamba kiasi cha kutoonekana. Kanuni ya kazi ni kwamba chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutua, na mara nyingi unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Chukua asubuhi yetu ya kawaida: hewa nyuzi 28, unyevu asilimia 85. Umande hapo huanza kutua kwenye nyuzi 25 hivi. Maana yake chuma chako kinatakiwa kifikie angalau nyuzi 28 ndipo ufungue kopo. Kikiwa bado cha baridi kiganjani, kanywe kahawa kwanza.

Jua kali nalo lina ubaya wake, rangi hukauka juu huku chini bado mbichi. Saa nne asubuhi, kivulini, hapo mimi sigombani na mtu.

"Ongeza tina, rangi iende mbali"

Tina ni kile kimiminika cha kuifanya rangi iwe nyepesi, na hii ni hesabu tu. Chukua rangi ambayo asilimia 60 ya ujazo wake hubaki baada ya kukauka. Ukiipaka unene wa maikroni 200 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ikiwa mbichi, ikikauka unabaki na 120. Mimina tina robo ya ujazo wake, upake unene uleule: unabaki na 96. Rangi imeenda mbali, kinga imepungua kwa moja ya tano, na tina yote imeishia hewani na kwenye mapafu yako.

"Kile kipande cha zinki kipakwe rangi kisilike"

Hili nimelikuta Deep Sea kwa wavuvi, na linanifurahisha kwa sababu wamewaza vizuri wakakosea. Kwenye mashine ya boti kuna kipande cha zinki kimefungwa sehemu inayozama. Baada ya miezi kinakuwa kama kashata iliyotafunwa. Nahodha mwenye huruma anakipaka rangi. Kumbe kuliwa ndiyo kazi yake. Zinki hutangulia kuliwa ili mashine ibaki, na ukiifunika kwa rangi umemvalisha mlinzi kitambaa machoni. Ikiisha sana, badilisha.

Maarifa haya ni ya zamani. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alifunga vipande vya zinki na chuma kwenye meli za kivita zilizofunikwa shaba chini, shaba isiliwe. Shaba ikapona kweli. Lakini shaba isiyoliwa haitoi tena sumu yake majini, basi magugu na chaza wakajazana chini ya meli mpaka zikawa nzito kwenda. Wataalamu wa rangi za meli wanaendelea kuhangaika na jambo hilohilo mpaka leo.

Kwa mabati ni zinki hiyohiyo. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka mwaka 1837, na leo zinki hiyo huwa na joto la nyuzi 450 hivi. Mabati hupata kutu, ila zinki inaisha kwanza, na karibu na bahari inaisha upesi. Hata kile chuma tunachoambiwa hakishiki kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, hutobolewa vishimo na chumvi usipokiosha. Na tafadhali usikate nondo kwa grenda juu ya bati jipya. Cheche zile ni chuma, zinanata, na wiki ijayo utadhani bati limepata surua.

"Kilicho ndani ya maji ndicho kinacholiwa zaidi"

Nguzo za gati zinakataa. Angalia maji yakipwa wakati wa bamvua: sehemu iliyochoka kuliko zote ni ile ya juu kidogo ya maji kujaa, inayorushiwa mawimbi. Pale kuna chumvi, kuna hewa tele, na hapakauki.

Ndugu yake dhana hii ni ile ya bomba la mafuta linalokuja Chongoleani, hapa Tanga: likishafukiwa, kutu kwaheri. Bomba lile lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Uganda, na mafuta yake yana nta, yanahitaji kupashwa joto ili yatiririke. Kwa hiyo lina tabaka la kuzuia kutu, juu yake povu la kuhifadhi joto, juu yake ganda la plastiki. Kazi ya kuyavika mabomba ilipewa kiwanda chake kule Sojo, Nzega. Udongo una maji na chumvi zake. Kufukia chuma ni kukificha machoni pako wewe, kutu inakiona.

"Kunywa maziwa, sumu ya rangi inatoka"

Kila karakana ya Tanga ina fundi wa maziwa. Maziwa ni mazuri, nami nayanywa, lakini yanakwenda tumboni na mvuke umekwenda mapafuni. Rangi za magari za kuchanganya kopo mbili zina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kumpa mtu pumu. Kitambaa cha pua hakizuii mvuke. Kwa mvuke wa rangi za kawaida inatakiwa barakoa yenye kichujio cha mkaa, na kwa kupuliza hizo za kopo mbili inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Na wale wanaorusha mchanga wa ufukweni kwa kompresa kusafisha chuma wanajiumiza mara mbili: vumbi lake lina silika inayokausha mapafu bila dawa ya kuyarudisha, kitu ambacho Uingereza ilikitungia kanuni za kukataza kwa kazi za namna hiyo mwaka 1949, na mchanga wenyewe umekuja na chumvi.

Nililolalamikia kule kongamanoni, na nalisema hapa pia, ni kwamba ukumbini niliona wahandisi, wakaguzi na mameneja. Mafundi wanaoshika brashi tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kiingilio si cha mtu anayelipwa kwa geti. Nusu ya kazi zilizoharibika tulizoonyeshwa zingeelezwa vizuri zaidi na aliyekuwepo juu ya ngazi siku ile.

Geti la mzee liliteremshwa Jumamosi. Nimelikwangua lote mpaka chuma, kwa gharama yangu. Mzee alipopita jioni alinikuta na ndoo nne za maji baridi, sabuni na brashi ya nailoni, nalisugua kama sufuria la pilau.

"Rangi iko wapi?" akauliza.

"Ya keshokutwa, mzee. Leo tunaoga."