Gari-nyumba kuukuu kisiwani: yanayosemwa barazani na yalivyo kweli

Tangu binamu yangu anunue kilori chenye chumba mgongoni, baraza yetu ya Kikwajuni, hapa Unguja, imejaa mafundi. Gari lenyewe ni Toyota Dyna ya mwisho wa miaka ya 1990, liliundwa Japani kwa matembezi ya familia: kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko, sinki dogo, meza ya kukunja. Liliteremshwa bandarini Malindi likinuka uvundo. Kila apitaye ana ushauri, na ukiufuata wote utauza shamba la mikarafuu.

"Anza na injini."

Wapo wanaomtaka aitoe injini ya 3L aliyonayo atie yenye turbo. Kwa safari gani, yakhe? Unguja nzima haifiki kilomita 90 kutoka ncha hadi ncha, na barabara ni tambarare. 3L ni dizeli ya lita 2.8, mvivu wa kukimbia lakini mvumilivu. Kosa ni la upande wa pili, wanaoapa kwamba "3L haifi". Inakufa, na kinachoiua ni mkanda. Taimingi yake, ile inayopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, ni ya mkanda wa mpira, si cheni; kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani valvu na pistoni hugongana. Gari lililokaa yadi miaka mingi usiliamini kwa kusoma kilomita tu, maana mpira huzeeka hata ukilala. Tulitia mkanda mpya na beringi yake, pampu ya maji, tukazibua rejeta. Injini tukaiacha hapo.

"Likivuja, piga silikoni."

Hapa ndipo magari haya yanapozikwa. Mvua haiingii pale unapoona doa. Huingia kwenye tundu la skrubu ya fremu ya dirisha au kwenye pembe ya paa, hutambaa ndani ya ukuta, ikatokea mbali, nawe unaziba doa. Tena silikoni ikishashika, hakuna rangi wala gundi nyingine itakayogandana nayo, kwa hiyo fundi wa baada yako atakwangua wiki nzima akikulaani.

Kwa nje kona ya mbele ya gari hili iling'aa kama sahani. Ndani, juu ya kile kitanda, nilisukuma bisibisi kidogo tu, ikazama mpaka kwenye mpini. Plaiwudi ilikuwa boflo lililochovywa chai. Nguzo ya mbao iliyoshikilia pembe ile tuliichota kwa kijiko cha wali, na chungu wakatoka na mayai yao.

Siku hiyo alikuwapo mzee mmoja wa Nungwi ambaye ameziba majahazi maisha yake yote. Alitutazama na ile bomba yetu ya silikoni, akacheka. "Nyinyi mnapaka. Chombo hakipakwi, hutiwa pamba." Kwenye jahazi, pamba iliyorowekwa mafuta hupigiliwa kwa patasi baina ya ubao na ubao, kizibo kinakaa ndani ya kiungo, si juu yake. Gari halina tofauti. Fremu ing'olewe nzima, silikoni kuukuu ikwanguliwe mpaka bati litakate, mbao iliyooza ikatwe mpaka ufike kwenye mbao nzima. Halafu ulazwe utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama ulimbo, fremu irudishwe juu yake, na skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa siku mbili tatu huku utepe uliozidi ukijitokeza pembeni na kukatwa. Ukingo wa nje ndio unaopigwa gundi ya poliyurethani. Yote haya kabla ya masika. Fundi anayekwambia atafungua paa mwezi wa Aprili, mpe chai umuage.

"Kutu ni ya juu juu tu, piga puti na rangi."

Lala chini ya gari na nyundo. Gonga chasisi taratibu: chuma kizima kina sauti ya kengele, kilicholiwa kinaitika kama debe lenye mchanga. Chumvi huvuta unyevu na kukipa chuma maji yanayopitisha umeme vizuri, ndiyo maana kutu ya pwani ina haraka kuliko ya bara. Puti inaifunika huku inaendelea kula ndani. Kata, chomea bamba jipya, kisha praima ya zinki, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Kuna jambo wengi hawalifikirii: kisiwa hiki sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, na visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Ukiliosha gari kwa maji hayo baada ya kutoka ufukweni Paje, umelipaka chumvi mara ya pili.

"Kabati za mninga, zidumu."

Fundi seremala wetu alikuwa akijenga bodi za daladala za mbao zamani, na mkono wake umezoea mbao nene. Lakini mita moja ya mraba ya mninga wa inchi moja inakaribia kilo 16, na plaiwudi ya milimita 12 ni kama kilo 7. Zidisha kwa kabati zote, ongeza tangi la maji la lita 100, ambalo likijaa ni kilo 100 kamili, pamoja na mtungi wa gesi, betri na watu wanne. Sehemu kubwa ya mzigo huo inabebwa na ekseli ya nyuma. Na tairi zake usizipime kwa kutazama tu kama zimekuwa kipara: soma tarakimu nne ubavuni. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la umri huo chini ya mzigo huo mimi silipandi.

"Vitu vya Japani unachomeka tu."

Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Binamu alichomeka maikrowevu iliyokuja na gari kwenye soketi ya ukutani kwake. Moshi ulitoka kabla hajatoa mkono. Tukavitoa vyote vya volti 100, tukabaki na vya 12: taa, feni, friji ndogo. Betri ya kuwashia gari haifai kuendesha friji hiyo, kwani bamba zake ni nyembamba na huharibika zikikaushwa chaji mara kwa mara. Betri ya pili ya sola yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya asidi tumia nusu tu ikiwa unataka ikuzeekee. Friji usiku mmoja na feni moja, basi.

Hita ya dizeli ya baridi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, tuliing'oa. Pale ilipokaa tumetoboa sakafu kwa ajili ya mtungi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja huzama chini. Haitoki dirishani kama jirani yetu anavyoshikilia.

Kitanda cha juu hatujakirudisha bado. Mvua za kwanza zimepita mara mbili, na kila asubuhi binamu hupanda na karatasi ya chooni kuipapasa kona ile. Jana ilitoka kavu.