Dolma si kitafunio cha kusubiria kebab

Jamani, nimechoka. Mteja anaketi, anaagiza kebab, kisha: "Mpishi, niletee na dolma tatu nne nitafune nikisubiri." Kaka, tatu nne nitazitoa wapi? Dolma ya Kikurdi, yaani mboga na majani yaliyojazwa mchele na nyama, hupikwa sufuria nzima, ikapinduliwa nzima kwenye sinia, watu wakaizunguka. Unachotaka wewe ni vile vijani vya mzabibu vya kopo, vya baridi, vinavyoelea kwenye mafuta. Nenda dukani.

Hapa barabara ya Nolensville Pike, jijini Nashville, Marekani, Wakurdi wako tangu miaka ya 1970, na ukitaka cha kusubiria kipo: supu ya dengu, achari, mkate wa moto. Kuna na mastaw, mtindi wa maji na chumvi. Usiniombe sukari.

Chini ya sufuria napanga mbavu za kondoo. Juu yake biringanya, hoho na nyanya zilizokombwa, kisha vitunguu, spinachi na majani ya mzabibu, vyote vimejazwa mchele mbichi na nyama ya kusaga. Usishindilie, mchele utavimba.

Mpishi hupimwa kwenye kitunguu. Kikate upande mmoja tu, kutoka nje hadi moyoni, ukichemshe mpaka tabaka zichomoke moja moja. Kikiwa kigumu, kinapasuka ukikikunja. Ukizidisha moto, kinakuwa uji mkononi. Kikiiva sawasawa, weka mchele kidogo tu, tabaka litajikunja lenyewe kama lilivyokuwa. Mtu akinunua majani ya mzabibu pekee kwa kuogopa kitunguu, mimi namjua.

Waswahili wenzangu hulalamika: "Mbona haina viungo?" Haikusudiwi viungo, inakusudiwa uchachu. Uchachu wa nini, hapo jikoni hatujapatana. Mmoja anaapia sumaki, ule unga mwekundu, mwingine rojo la komamanga, mimi huongeza ndimu wakiwa wamegeuka.

Na maji? Vitabu vinaandika vikombe. Mimi sina kanuni: nyanya inatoa maji yake, spinachi yake, na kila gunia la mchele lina tabia zake. Nakandamiza kwa sahani, nafunika, moto mdogo, halafu nanusa. Mpaka nimepindua, siwezi kukuapia kitu.

Basi ukiitaka, piga simu asubuhi, uje na watu wanne. Zile mbavu zitakuwa juu ya sinia. Ukimwachia mwenzako kwa adabu, usinilaumu.