Kinachoishi chini ya mawe: jinsi afya ya kijito inavyopimwa kwa viumbe wake

Chupa ya maji iliyojazwa kijitoni saa nne asubuhi hueleza hali ya maji ya saa hiyo, na si zaidi. Ikiwa majitaka yalimwagwa usiku wa kuamkia siku hiyo, au dawa ya kuua wadudu ilisombwa na mvua kutoka shambani wiki iliyotangulia, maabara inaweza kupima sampuli hiyo kwa uangalifu wote na isione kitu. Mnyama anayeishi chini ya jiwe hana njia rahisi ya kuikwepa hali hiyo, kwa kuwa yuko palepale usiku na mchana, kwa wiki, kwa miezi, na kwa baadhi ya aina kwa mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa maji baridi, pamoja na kupima kemikali, huchunguza pia wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo wanaoishi kwenye sakafu ya kijito: mabuu wa wadudu, konokono, kaa, ruba na minyoo.

Makundi matatu ya wadudu hutafutwa kwanza. Mabuu wa efemeroptera kwa kawaida huwa na mikia mitatu, na matamvua yao yamejipanga ubavuni mwa tumbo. Wale wa plekoptera wana mikia miwili. Na wengi wa trikoptera hujijengea ala ya chembe za mchanga au vipande vya majani na kuishi ndani yake. Aina nyingi za makundi haya huhitaji maji yenye oksijeni ya kutosha, na oksijeni majini si nyingi hata pale mambo yanapokuwa mazuri: maji ya nyuzijoto 10 za Selsiasi hushika takriban miligramu 11 kwa lita, na ya nyuzijoto 20 takriban miligramu 9. Uchafu wa kinyesi au wa mabaki ya mimea ukiingia, bakteria wanaouozesha huitumia oksijeni hiyo, na wadudu hao hutoweka mapema. Wanaobaki ni wavumilivu, kama vile minyoo ya kwenye tope na mabuu wekundu wa kironomidi (wadudu wadogo wanaofanana na mbu lakini wasiouma), ambao wekundu wao unatokana na hemoglobini inayowasaidia kupata oksijeni mahali ilipo haba.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vingi. Mpimaji husimama mkondoni, akaweka wavu wenye matundu ya kati ya nusu milimita na milimita moja upande maji yanakoelekea, kisha huvuruga mawe na kokoto kwa mguu ili wanyama waliojishikiza wasombwe na kuingia wavuni. Huanzia chini na kupanda kufuata chanzo cha maji, asije akavuruga sehemu ambayo bado hajaipima. Mawe, mchanga na mimea ya kingoni vyote hupitiwa kwa muda uliokubaliwa, kwa sababu kila makazi yana wakazi wake. Wanyama humwagwa kwenye sinia jeupe, wakatambuliwa na kuandikwa, na pale utambuzi unapowezekana hapohapo hurudishwa majini wakiwa hai.

Fikra ya kuyasoma maji kwa viumbe wake si ngeni: Wajerumani Kolkwitz na Marsson waliandika juu yake mwaka 1902. Baadaye ilitengenezwa mifumo ya alama. Ule wa Uingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1970 uliipa kila familia ya wanyama alama kati ya 1 na 10 kulingana na wepesi wake wa kudhurika, na ule wa Afrika Kusini, unaojulikana kwa kifupi kama SASS, hufika alama 15. Tuseme familia 12 zimepatikana na jumla yake ni alama 78. Wastani ni 6.5. Binafsi huutazama wastani kabla ya jumla, maana jumla hupanda kadiri mtu anavyotafuta kwa bidii, ilhali wastani hauyumbi kiasi hicho.

Hata hivyo, alama peke yake haisemi mengi, na hapa ndipo ripoti nyingi hupotoka. Kijito cha bondeni chenye maji ya polepole na ya uvuguvugu kinaweza kukosa plekoptera bila kosa la mtu yeyote. Mafuriko ya juzi yanaweza kuwa yamesomba karibu kila kitu, na katika majira fulani mabuu huwa wamekwisha kugeuka wadudu kamili na kuruka. Swali la msingi ni nani alipaswa kuwapo na hayupo, na jibu hupatikana kwa kulinganisha na kijito cha aina hiyohiyo ambacho shughuli za binadamu hazijakigusa sana, au walau na sehemu iliyo juu ya mahali panaposhukiwa.

Ulinganisho ukifanywa vizuri, namna ya upungufu hudokeza chanzo chake. Majitaka huleta minyoo kwa maelfu na aina chache sana, kwa hiyo wingi wa wanyama usimdanganye mtu. Dawa za wadudu huondoa wadudu na jamii ya kamba na kuwaacha konokono na minyoo, ingawa oksijeni haijapungua. Udongo uliomomonyoka huziba nafasi zilizo kati ya mawe, na wanaojificha humo hukosa pa kukaa. Miti ya kingoni ikikatwa, maji hupata joto na jua, mwani hustawi, walao mwani huongezeka, na walao majani yaliyoanguka hupungua. Mara nyingi sababu hizi huja pamoja, hivyo dokezo hilo huthibitishwa kwa vipimo vya kemikali na kwa kukagua ardhi inayozunguka.

Ni lazima pia kutofautisha afya ya kijito na usalama wa maji ya kunywa. Vimelea vya kipindupindu au vya homa ya matumbo havimdhuru mdudu wa majini, kwa hiyo kijito chenye plekoptera wengi bado kinaweza kumpa mtu ugonjwa. Kwa maji ya kunywa, kipimo kinachotakiwa ni cha bakteria wa kinyesi, nacho hufanywa maabara.