Bomu Lililo Kwenye Buti: Taharuki ya Dakika Tatu Zisizokatwa

Kila ninapopokea mwanagenzi katika chumba changu cha uhariri, filamu ya kwanza ninayomwonyesha ni Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, iliyotolewa mwaka 1958, na katika filamu hiyo tunashughulika na dakika tatu na sekunde zipatazo 20 za mwanzo tu. Muda huo wote ni shoti moja, yaani picha iliyopigwa mfululizo bila kamera kusimamishwa. Hakuna mkato hata mmoja, yaani mruko wa kutoka picha moja kwenda nyingine, nami ninaamini kwamba taharuki ya onyesho hilo inatokana na mkato ambao mtazamaji anausubiri na ananyimwa.

Picha inafunguka kwa mikono ya mtu aliyeshika bomu, akiizungusha saa yake. Kicheko cha mwanamke kinasikika, mtu yule anageuka, kisha anakimbia huku kivuli chake kikitambaa ukutani, anafungua buti la gari lisilo na paa, anatia bomu humo na kutokomea. Papo hapo mwanamume mtu mzima na mwanamke kijana wanatokea, wanaingia garini na kuondoka. Sisi tumeshajua, wao hawajui, na filamu haina haja ya kutuambia jambo jingine lolote ili tuanze kuhangaika.

Mwongozaji Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut ya mwaka 1962, alieleza tofauti kati ya mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Likilipuka bila sisi kujua, tunashtuka kwa sekunde chache na mambo yanaishia hapo. Lakini tukijua kwamba lipo, huku waliokaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, kila neno lao linatutesa. Welles alikwenda mbele zaidi, kwa sababu bomu lake halikutulia mahali pamoja bali linatembezwa mitaani, kati ya watu.

Kamera ya mpigapicha Russell Metty imebebwa na kreni. Inapanda juu ya mapaa, inalipoteza gari nyuma ya jengo, kisha inalipata tena upande wa pili likija kuelekea kwetu. Mitaa hiyo ni ya Venice, California, iliyopambwa ionekane kama mji wa mpakani kati ya Marekani na Meksiko. Trafiki anasimamisha gari ili watu wavuke, na miongoni mwa wanaovuka wamo Mike Vargas na mkewe Susan, maharusi wapya, wanaoigizwa na Charlton Heston na Janet Leigh. Kuanzia hapo kamera inawaandama hao wawili, na gari linabaki kuwa kitu cha pembeni: linazuiwa na kundi la mbuzi, linaachwa nyuma, linawakuta, linawapita. Likiwakaribia, kifua kinabana. Likisogea mbali, pumzi inarudi kidogo, ila hatupati utulivu kamili, kwa kuwa muda unazidi kuyoyoma.

Jambo hilo lingekuwa gumu mno kulipata kwa mikato. Mimi mhariri nikikata, mtazamaji anahisi, hata kama hajui kulieleza, kwamba kuna mtu anayeurefusha au kuufupisha muda kwa niaba yake. Pasipo mkato, saa iliyo kwenye buti na saa iliyo mkononi mwa mtazamaji zinakwenda pamoja, na umbali kati ya gari na wale maharusi ni umbali halisi unaopimika kwa macho. Filamu nyingi za kusisimua ninazoletewa zinafunguka kwa mikato ya haraka na ngoma nzito kabla mtazamaji hajajua amwogopee nani, na ninapopendekeza shoti moja iachwe ipumue, huwa najibiwa kwamba watu watachoka.

Ila somo kubwa zaidi la onyesho hili limo kwenye sauti. Katika toleo la 1958, kampuni ya Universal iliweka majina ya waigizaji na mafundi juu ya picha, pamoja na muziki wa Henry Mancini. Muziki huo ni mzuri na una msukumo, lakini unatuagiza tuogope, na yale maandishi yanalipa jicho mahali pa kupumzikia. Welles alipoliona toleo la studio aliandika waraka wa kurasa 58, na miongoni mwa aliyoyataka ni kwamba mwanzo huu usikike kwa sauti za mji wenyewe. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliipanga filamu upya kwa kufuata waraka huo. Sasa kila baa ina muziki wake unaopanda tunapoikaribia na kufifia tunapoipita, na gari nalo lina redio yake. Gari linapotoka kwenye fremu, yaani eneo linaloonekana kwenye skrini, sikio linaendelea kulifuata. Huwa nawageuza wanagenzi waipe skrini mgongo, nawaambia wainue mkono gari linapokaribia, na mikono huinuka karibu kwa pamoja.

Kwenye kizuizi cha mpakani gari na maharusi wanafika kwa wakati mmoja. Maofisa wanamchangamkia Vargas na kazi yake ya kupambana na dawa za kulevya, wakati mwanamke aliye garini analalamika kwamba anasikia mlio wa saa kichwani mwake. Hakuna anayemsikiliza. Gari linaruhusiwa, linatoka nje ya fremu, na kamera inabaki na wale wawili. Vargas anamwambia mkewe kwamba imepita zaidi ya saa nzima bila yeye kumbusu. Nyuso zao zinakutana, na mlipuko unasikika. Moto wenyewe haumo ndani ya shoti ile ndefu: tunausikia kwanza, wawili hao wanageuka, na hapo ndipo mkato wa kwanza wa filamu unapotuonyesha gari likiwaka.