Karibu ya kamera si karibu ya mguu: tunavyodanganyana kuhusu picha za chatu

Mvua za Desemba zikishakolea hapa Dodoma, makundi yetu ya WhatsApp hujaa chatu. Kuna aliyekatiza barabara upande wa Bahi, kuna aliyeonekana kando ya bwawa la Hombolo, kuna wa bondeni ambaye kila mtu anadai ni wa kwao. Chini ya picha pameandikwa maneno yaleyale: “Mita kumi!” Nami ninayezunguka na kamera kutafuta nyoka, najikuta nikibishana na watu wazima hadi usiku. Hebu niyaandike haya mara moja, nipumzike.

“Chatu wa mita kumi.” Hayupo. Chatu wetu aliyekomaa mara nyingi ana mita 3 hadi 4, na anayevuka mita 5 ni wa kusimulia wajukuu. Nyoka mrefu zaidi kuwahi kuandikwa na Guinness akiwa kifungoni ni Medusa, aliyepimwa mwaka 2011 huko Kansas City, Marekani, akapatikana na mita 7.67. Naye si wa Afrika kabisa, ni wa jamii ya chatu wa Asia.

Sasa mita kumi zinatoka wapi? Zinatoka kwenye lenzi. Jamaa ananing'iniza nyoka kwenye ncha ya mti mrefu na kuusukuma kuelekea simu, halafu yeye mwenyewe anasimama nyuma. Nyoka akiwa nusu mita kutoka kwenye simu na mtu akiwa mita 3, nyoka anaonekana mkubwa mara sita kuliko angeonekana akiwa pale aliposimama mtu. Hapo hakuna kompyuta wala ujanja wa kuhariri, ni umbali tu. Ngozi nazo huongeza chumvi: nyoka akijivua, gamba lake huvutika, na ngozi inayowambwa ikauke huvutika pia. Anayekupimia chatu kwa ngozi iliyotundikwa ukutani anakupimia ngozi, si chatu.

“Chatu hana sumu, sogea tu.” Hii ndiyo iliyoniaibisha mimi. Kweli hana sumu. Ila ana meno mengi yaliyopinda kuelekea nyuma, yaliyoumbwa kushika kitu kisichomoke. Akikung'ata, kwa woga utavuta mkono, na ni huko kuvuta kunakochana nyama. Jeraha linahitaji kuoshwa vizuri na kuonwa hospitali, pamoja na suala la pepopunda. Na chatu mkubwa anayejizungusha mwilini si jambo la mtu mmoja kujinasua, ndiyo maana sitaki kumwona mtoto karibu naye hata kwa utani. Watu huamini anaua kwa kuvunja mifupa. Hapana. Anabana, na mbano ule huzuia damu isizunguke, moyo ukashindwa kazi.

Dhana hii ina dada yake: “Chatu aliyeshiba hana habari na mtu.” Miaka michache iliyopita vijana wachungaji walinipigia simu. “Anko, njoo, kuna chatu amemeza kitu, hata hajongei.” Nikafika na simu tu mkononi, maana kamera ilikuwa na betri mbovu. Amelala kando ya kichaka cha miiba, tumbo limevimba katikati kama gunia lililofungwa vibaya. Simu ina lenzi pana, kwa hiyo ili nyoka ajaze kioo nilisogea, nikasogea tena, mpaka nikawa hatua mbili. Nikachuchumaa. Ghafla akaanza kupinda shingo na kupanua mdomo. Vijana wakashangilia, wakidhani anaturukia. Kumbe anatapika. Akamtoa digidigi mzima, ameloa ute, kisha akateleza kichakani mwepesi kama si yeye.

Chatu aliyemeza ni mzito, hawezi kukimbia wala kupigana vizuri. Akiona hatari, njia yake ni kutupa mzigo. Kile alichokipata kwa kuvizia siku nyingi kikabaki kwa nzi na mbweha, kwa sababu yangu na ya picha ambayo hata hivyo ilitoka na ukungu. Pale pale nikaelewa pia lilikozaliwa lile simulizi kwamba chatu humpaka mnyama mate kwanza ndipo ammeze. Mtu akikuta mnyama aliyetapikwa, ameloa hivyo, atadhani alikuwa bado anaandaliwa. Chatu hapaki kitu, mate yanatoka anapomeza.

“Picha nzuri ya karibu hupigwa karibu.” Hapa ndipo ninapobishana zaidi, hata na wenzangu wa kamera. Ukiwa mita 6, lenzi ya milimita 300 kwenye kamera ya fremu kamili, yaani ile yenye kihisi kikubwa cha picha, inaona upana wa sentimita 72 hivi. Chatu aliyejikunja anajaza upana huo bila tabu, magamba unayahesabu. Wasio na lenzi ndefu waweke simu kwenye kioo cha darubini na waitulize juu ya jiwe. Inahitaji subira, lakini inafanya kazi. Halafu shuka chini. Picha ya nyoka iliyopigwa kutoka juu, mtu amesimama, ni picha ya mpira wa kumwagilia bustani. Ukilala kifudifudi ukiwa mbali, lenzi ikawa usawa wa jicho lake, ndipo uso unaonekana, pamoja na vile vishimo vya mdomoni anavyotumia kuhisi joto la mnyama gizani. Asubuhi anapoota jua ndiyo saa yake. Mimi nakaa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa nyoka, na nikikosea kukadiria, nakosea kwa kurudi nyuma.

Flashi siitumii. Magamba huirudisha kama bati jipya, na picha inabaki na mabaka meupe.

“Anakukodolea macho, amekasirika.” Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, kwa hiyo anakodoa hata akiwa usingizini. Na ulimi wenye panda si mwiba. Unakusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Ulimi ukitoka mara nyingi, anakuchunguza tu, na hapo ndipo pa kubonyeza. Shingo ikijikunja kama herufi S huku ametulia tuli, acha kubonyeza, ondoka.

“Hako ni katoto ka chatu.” Kati ya yote, hili ndilo linaloniondolea usingizi. Mara kadhaa nimetumiwa picha ya mtu ameinama juu ya “katoto ka chatu”, simu iko sentimita thelathini, na aliyelala pale ni kifutu, yule ambaye wengine humwita moma. Wote wawili ni wanene, wana madoa na hupenda kutulia. Lakini kifutu ni mfupi na mkia wake umekatika mapema, na mgongoni ana michoro kama herufi V iliyopangwa mfululizo, ncha zikielekea mkiani. Chatu ana mabaka yasiyo na mpango, na juu ya kichwa ana alama kubwa nyeusi kama ncha ya mkuki.

Kutulia kwa kifutu si upole, ndiyo kinga yake. Anategemea usimwone. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini uligundua kwamba hata mbwa walishindwa kumtambua kwa harufu akiwa hai, ilhali gamba alilojivua walilitambua. Ukimkaribia hakimbii, na akishambulia, jicho la mtu halifuati. Usipokuwa na hakika ni nani, mhesabu kuwa kifutu.

Koboko yeye hafai kabisa kwa mchezo huu. Si kweli kwamba huwafukuza watu porini. Akipata upenyo anakimbia, na mbio zake hazifiki kilomita 20 kwa saa, tena kwa kipande kifupi. Ila anaweza kuinua theluthi ya mwili na kung'ata mara kadhaa mfululizo. Ile picha ambayo kila mtu anaitamani, mdomo wazi na ndani mweusi tii, ni onyo lake la mwisho. Naye swila hutema sumu kulenga macho kutoka zaidi ya mita 2, basi kuficha uso nyuma ya simu si ngao.

“Mbona wale wa ngoma wanacheza naye?” Wanamaanisha Bayeye wa Usukumani, wanaocheza na chatu mbele ya umati. Wale wana mafunzo ya chama chao na dawa zao, na nyoka wao wamezoeshwa mikono. Chatu wa pori la Swagaswaga hajahudhuria mazoezi hayo. Tena kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama lengo ni kumvaa shingoni dakika moja upigwe picha.

Ukikuta chatu mweusi kuliko kawaida akiota jua mdomoni mwa shimo, mfano shimo la muhanga lililoachwa, yawezekana ni jike lenye mayai. Chatu wa kusini mwa Afrika hujizungusha juu ya mayai, hutoka kuota jua na kurudi na joto, na hata wakishaanguliwa hukaa na watoto kwa muda wa wiki mbili hivi. Hapo piga picha moja kutoka mbali na usimwambie mtu yeyote mahali alipo, hata rafiki.

“Muue kwanza, ndipo upige kwa raha.” Kichwa cha nyoka kilichokatwa huweza kung'ata na kuingiza sumu kwa muda baada ya kukatwa. Ukimshika “maiti” nyuma ya taya ili picha ipendeze, unabahatisha.

“Mtu akiumwa lazima nyoka apelekwe hospitali.” Si lazima, na wanaorudi kumsaka huumwa nao. Tuliza kiungo kilichoumwa kisijongee, vua pete na bangili, usichanje, usifunge kamba, usinyonye, jiwe la nyoka liache nyumbani, tafuta usafiri. Kama nyoka bado anaonekana kutoka pale uliposimama, mpige picha, hata yenye ukungu, umwonyeshe daktari. Kama ameshaingia kichakani, nenda bila picha.