Kwa nini programu inakufa ukifunga dirisha, na namna ya kuiacha iendelee nyuma ya pazia

Chukua programu ndogo ya Python, tuiite pokea.py, inayokaa kwenye seva ya Ubuntu (aina ya Linux) ikisubiri taarifa za malipo ya simu na kuziandika kwenye hifadhidata ya duka. Unaingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali), unaandika `python3 pokea.py`, malipo yanaanza kuingia. Unafunga kompyuta unakwenda kulala. Asubuhi wateja wamelipa lakini hakuna oda hata moja iliyoandikwa. Programu ilikufa pale pale dirisha lilipofungwa, au baadaye kidogo, seva ilipotambua kuwa upande wa pili bando limekwisha au umeme umekatika. Seva yenyewe haikuzimika hata sekunde moja.

Kinachoiua ni ishara iitwayo SIGHUP, namba 1. Jina lake limetoka enzi za modemu: simu ikikatwa, kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) huziarifu programu zilizofunguliwa kwenye laini ile kwamba mwenyewe ameondoka. Siku hizi simu haipo, kanuni imebaki. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ikifungwa, sheli (programu inayosoma amri zako) hupokea SIGHUP na kuipitisha kwa kazi zake zote, na programu isiyoandaliwa kuipokea hufa.

Wengi huongeza alama ya & mwishoni mwa amri na kudhani wamemaliza. Alama hiyo inakurudishia tu nafasi ya kuandika amri nyingine. Mchakato, yaani programu ikiwa inaendeshwa, bado ni mtoto wa sheli ile na bado umeishika terminali ile. Tena mchakato huo ukijaribu kusoma kitu kutoka kwenye kibodi, kerneli huusimamisha papo hapo: `jobs` itaonyesha Stopped, na `ps` itaonyesha herufi T. Hali hii inapotosha sana, maana ukiitafuta programu kwa `pgrep` unaiona ipo, kumbe haifanyi chochote.

Kwa kazi ya usiku mmoja, kama kunakili hifadhidata kubwa au kubana picha elfu kadhaa, amri ya nohup inatosha. Ila iandike kamili:

nohup python3 -u pokea.py >> /home/duka/pokea.log 2>&1 < /dev/null &
echo $!

Kila kipande hapo kina kazi yake. `nohup` inaifanya programu ipuuze SIGHUP. `>>` inaelekeza maandishi yake kwenye faili la logi (kumbukumbu za programu). Usipoiweka, utakuta faili liitwalo nohup.out kwenye folda uliyokuwemo. `2>&1` inapeleka ujumbe wa makosa huko huko, na lazima ije baada ya jina la faili. Kwenye amri isiyo na nohup, ukiigeuza ukaandika `2>&1 >> pokea.log`, makosa yanabaki kwenye terminali na logi inakosa kile kile unachokihitaji siku mambo yakiharibika. `< /dev/null` inaziba mlango wa kibodi, kwa hiyo ile hali ya T haitokei, na SSH haigandi unapotoka. `echo $!` inakupa namba ya mchakato. Iandike mahali, utaihitaji kuusimamisha kwa `kill`.

Herufi `-u` ndiyo husahauliwa kuliko zote. Python ikiandika kwenye terminali hutoa kila mstari papo hapo, lakini ikiandika kwenye faili hukusanya kwanza maelfu ya baiti ndipo imwage. Mtu anafungua logi, anakuta tupu, anadhani programu imekwama, anaiua kwa `kill -9`, na yale maandishi yaliyokuwa yakisubiri kumwagwa yanapotea nayo.

Nimetumia `>>` badala ya `>` kwa makusudi. Logi hukua. Siku diski ikijaa, watu wengi hukimbilia `rm pokea.log`, kisha wanashangaa `df` bado inasema diski imejaa. Faili limefutwa jina tu; programu bado imelishika wazi, na nafasi haiachiliwi mpaka programu ifungwe. `sudo lsof +L1` itakuonyesha mafaili ya namna hiyo. Njia sahihi ni `truncate -s 0 pokea.log`, ambayo inalimwaga faili bila kulifuta. Lakini kama ulianza na `>` tupu, programu inakumbuka ilipofikia na kuendelea kuandika kutoka hapo, na `ls -l` inarudi kuonyesha faili kubwa ambalo mwanzo wake wote ni sifuri. Kwa `>>` kila mstari huandikwa mwishoni mwa faili lilivyo wakati ule, basi hutapata shida hiyo.

Kama programu umeshaianzisha bila nohup na hutaki kuikatiza, bonyeza Ctrl+Z, andika `bg`, kisha `disown -h`. Itanusurika SIGHUP. Lakini maandishi yake bado yanaelekea kwenye terminali, na terminali ikishaondoka, kuandika kwa mara ya kwanza kutaleta Input/output error na Python itaanguka. Kwa kazi unayotaka kuirudia na kuitazama kwa macho, tumia tmux, inayoliacha dirisha la amri likiendelea kwenye seva hata ukiondoka: fungua `tmux new -s kazi`, ondoka kwa Ctrl+B kisha d, rudi kwa `tmux attach -t kazi`.

Sasa pokea.py si kazi ya usiku mmoja. Inatakiwa iwepo mwaka mzima, na nohup haina jibu kwa maswali mawili: ikianguka saa nane za usiku nani ataiinua, na seva ikiwashwa upya nani ataianzisha? Kwa kazi inayogusa pesa za watu mimi sikubali kitu pungufu ya systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za seva, ambayo tayari imo kwenye Ubuntu na Debian. Andika faili /etc/systemd/system/pokea.service:

[Unit]
Description=Kupokea malipo ya duka
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=duka
WorkingDirectory=/home/duka/malipo
ExecStart=/usr/bin/python3 -u pokea.py
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha iwashe; mstari wa mwisho unakuonyesha logi yake:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now pokea
journalctl -u pokea -f

Usiweke & wala nohup ndani ya ExecStart. Kwa kawaida systemd inahesabu mchakato ule ule iliouanzisha kuwa ndiyo huduma yenyewe. Ukiandika skripti inayoanzisha programu kwa & kisha inaisha, systemd inaona huduma imekwisha na inafagia kila mchakato uliobaki kwenye kundi lake.

RestartSec=5 nayo ina sababu. Ukiiacha, systemd hungoja milisekunde 100 tu kabla ya kuinua tena. Hifadhidata ikichelewa kuamka, programu inaanguka mara tano ndani ya sekunde moja au mbili, na systemd inakata tamaa kwa ujumbe wa Start request repeated too quickly, kwa kuwa kikomo chake cha kawaida ni majaribio 5 ndani ya sekunde 10. Kwa mwanya wa sekunde 5 kikomo hicho hakifikiwi, na programu inajaribu mpaka hifadhidata iwe tayari.

Ikikataa kuanza, `systemctl status pokea` hutoa namba, na namba hizo zinasema waziwazi. 203/EXEC: njia ya programu kwenye ExecStart si sahihi, au ni skripti isiyo na ruhusa ya kuendeshwa. 200/CHDIR: folda ya WorkingDirectory haipo au mtumiaji hawezi kuingia. 217/USER: mtumiaji uliyemtaja hayupo. Ukiona Address already in use, ile nakala ya nohup ya juzi bado ipo hai na imeshika poti (namba ya mlango wa mtandao). Itafute kwa `pgrep -af pokea` uiue kwanza kwa `kill` ya kawaida.

Kwenye Windows fikra ni ile ile, ila mitego ni mingine. Kuondoa lile dirisha jeusi ni rahisi: endesha kwa pythonw.exe badala ya python.exe. Lakini hapo `print` haiendi popote na makosa yanapotea kimya, hivyo lazima programu iandike logi yake yenyewe kwenye faili. Ili ianze bila mtu kuingia, tumia Task Scheduler na uchague iendeshwe hata kama mtumiaji hajaingia. Tangu Windows Vista, kazi za namna hiyo zinakaa kwenye kikao namba 0 kisichoonekana kwenye skrini. Programu ikifungua kidirisha kinachosubiri mtu abonyeze OK, itangoja milele. Diski ya mtandao uliyoipa herufi Z: nayo haipo huko, kwa hiyo andika anwani kamili kama \\seva\folda. Ukiacha wazi sehemu ya Start in, folda ya kazi inakuwa C:\Windows\System32, na programu haioni mafaili yake.

Halafu kuna mipangilio mitatu inayokuja ikiwa imewashwa na inayowaumiza hasa wenye laptopu na umeme wa kukatika. Kwenye ukurasa wa Conditions, kazi haianzi kama kompyuta inatumia betri, na husimamishwa umeme ukikatika. Kwenye Settings, kazi ikizidisha siku 3 inakatwa. Ondoa alama zote hizo kwa programu inayotakiwa kudumu.

Programu isiyoonekana iwe na jina linaloeleweka na mwenye kompyuta ajue ipo. Tunaficha dirisha lisimsumbue, hatumfichi yeye. Ndiyo maana naandika Description kwa maneno kamili hata kwenye seva ninayoisimamia peke yangu.

Usiiamini mpaka uijaribu. Andika `sudo systemctl kill -s SIGKILL pokea`, hesabu sekunde kumi, tazama `systemctl status pokea`: lazima uone namba mpya ya mchakato. Kisha `sudo reboot`, ingia tena kwa SSH, na kabla hujagusa kitu kingine chochote andika `systemctl is-active pokea`. Ikijibu active, tuma malipo ya shilingi chache kwenda dukani na uhakikishe mstari wake umeingia kwenye hifadhidata.